SSD mpya au kusafisha diski: npkill, kondo au git clean?

Kaloleni77
Habari wakuu. Laptopu imebakiwa na GB 6. Kuna duka hapa Arusha mjini lina SSD ya GB 512, nataka niifuate Jumamosi. Jamaa ananiambia nisafishe projekti kwanza. npkill, kondo au git clean (zana za kufuta faili zisizohitajika kwenye projekti za programu), ipi bora?

MangiWaKodi
Mkuu, mbona hujasema kitu? Diski ni GB ngapi? Windows au Linux? Unaandika kwa lugha gani, Docker (ya kuendesha programu ndani ya makontena) ipo? Na intaneti ni faiba au bando? Hilo la mwisho ndilo linaloamua.

Kaloleni77
GB 256, Windows 11, kazi zote ziko ndani ya WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). React (kurasa za wavuti), Flutter (programu za simu), na projekti moja ya lugha ya Rust. Docker ipo. Natumia bando la simu.

BintiMajengo
Kwa bando, tenganisha mafungu mawili. Vinavyorudishwa na prosesa peke yake, yaani `target` ya Rust, `build` ya Flutter, `.next`, `dist`, futa bila wasiwasi. `cargo clean` (amri ya kufuta `target`) haigusi `~/.cargo/registry`, yaani maktaba zilizokwisha kupakuliwa, kwa hiyo utajenga upya hata kama huna MB. Vinavyokula bando ukivifuta ni kashe za vilivyopakuliwa: `~/.npm`, `~/.gradle/caches`, `~/.pub-cache` na imeji za Docker. Hivyo viache kama bado unavitumia. `node_modules` (folda ya maktaba za JavaScript) iko katikati: ifute, ila `~/.npm` ibaki, kisha `npm ci --prefer-offline` itachota vingi kwenye kashe. `package-lock.json` (orodha ya matoleo kamili ya maktaba) lazima iwepo. Bila hiyo `npm ci` inagoma, na `npm install` inaweza kukuletea matoleo ambayo hujawahi kuyajaribu.

fundi_Kijenge
Kondo, hakuna mjadala. npkill kwa kawaida inatafuta `node_modules` tu. Kondo inatambua Rust, Node, Gradle na nyingine nyingi, na inauliza kabla ya kufuta. `kondo --older 3M ~/kazi` inaruka projekti ulizozigusa ndani ya miezi mitatu.

MangiWaKodi
Sawa, ila git clean muikalie mbali kama hamjui ilivyo. `git clean -fdX` inafuta kila kilichotajwa kwenye `.gitignore` (orodha ya faili ambazo Git haizihifadhi), na humo ndimo ilimo `.env` yenye nywila na siri. Kwa Flutter ni mbaya zaidi: `.gitignore` ya folda ya `android` inataja `key.properties` na faili za `.jks`, yaani ufunguo wa kusaini programu. Hakuna amri ya kuutengeneza tena. Kama programu haiko kwenye utaratibu wa Google kutunza ufunguo, hutaweza kuisasisha tena Play Store. Anza na `git clean -ndX` inayoonyesha tu bila kufuta, soma orodha mstari kwa mstari, kisha `git clean -fdX -e '!.env' -e '!key.properties' -e '!*.jks'`, ambayo inabakiza hizo.

BintiMajengo
Na `docker compose down -v` mtu asiite usafi. Hiyo `-v` inaondoka na data ya hifadhidata. Tazama nafasi inayotumika kwa `docker system df` kwanza.

Sakina_Dev
Mngehamia pnpm (mbadala wa npm, kipakuaji cha maktaba) haya yote yasingekuwepo. Kila faili inakaa mara moja diskini, projekti zote zinaunganishwa nayo.

fundi_Kijenge
Ni kweli pale tu hifadhi ya pnpm na projekti vikiwa diski moja. Projekti ikiwa `/mnt/c` (diski ya Windows) na hifadhi iko ndani ya Linux, inanakili faili nzima nzima.

Sakina_Dev
Amesema yuko ndani ya WSL, kaka.

MangiWaKodi
Hapo sasa. Kaloleni77, ukifuta ndani ya WSL2, nafasi ya C: haitaongezeka hata MB moja. Faili la `ext4.vhdx`, yaani diski pepe ya WSL2, linakua, halipungui lenyewe. Ili kulibana: `wsl --shutdown`, fungua `diskpart` kama msimamizi, `select vdisk file="..."` ukiweka njia ya faili, `attach vdisk readonly`, `compact vdisk`, `detach vdisk`. Docker Desktop ina faili lake pia, lifanyie hivyo hivyo.

Kaloleni77
Kumbe! Nimefuta `target` jana, nikashangaa C: imebaki vile vile. Naendesha compact sasa. SSD bado naiwaza, lakini.

fundi_Kijenge
Basi kabla ya Jumamosi fungua kifuniko cha chini. Nafasi ya M.2 (tundu la SSD) ikiwa ya SATA tu, SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi) haitasomeka. Na ikiwa ni moja, utahitaji kasha la USB ili kuhamisha Windows. Model ya laptopu ni ipi?