Lenzi ya 100 ina ukungu, naomba ushauri

Ndugu zangu, hadubini yetu ya kupimia malaria hapa Entebbe inaonyesha safi kwa lenzi zinazokuza mara 10 na 40, ila ya mara 100 ina ukungu hata ikiwekwa mafuta. Kondensa (lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga) iko juu kabisa, slaidi haijapinduliwa (ikipinduliwa lenzi haifikii damu, nafasi kati ya lenzi na slaidi ni kama milimita 0.2 tu), na mafuta ni ya hadubini, si ya kupikia. Nimeifungua lenzi na kuikagua kwa lenzi ya macho ya hadubini (ile ya kutazamia) iliyogeuzwa: ndani kuna nyuzi kama utando wa buibui. Kuvu hiyo, na unyevu wa ziwa ndio mchawi. Je, fundi anaweza kuisafisha, au kioo kikishaliwa ni kununua nyingine? Na hizo za 10 na 40 nizitenge na hii, kuvu isizifikie?