Msaada: Nashuka Grand Canyon peke yangu mwisho wa Februari, maji na barafu vinanitia wasiwasi

mnyaturu_wa_phoenix

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mama wa miaka 41, mzaliwa wa Singida. Huu ni mwaka wa sita niko Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, nahudumia wazee zamu ya usiku. Tangu Oktoba wamefariki watatu niliokuwa nawaogesha na kuwalisha kwa mikono yangu. Nataka siku chache nisisikie kengele ya mtu anayeniita.

Nimepata kibali cha kulala ndani ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la hapa Arizona, tarehe 24 hadi 26 Februari. Naanzia Hermits Rest juu ukingoni, nalala kwenye kijito cha Hermit Creek, kesho yake kijito cha Monument Creek. Siku ya tatu nafuata njia ya Tonto hadi Havasupai Gardens (ndiyo ile iliyokuwa ikiitwa Indian Garden hadi 2022), kisha napanda njia ya Bright Angel hadi juu. Jumla kama kilomita 42. Mwaka jana nilishuka hadi Havasupai Gardens na kurudi siku hiyohiyo, magoti yakavumilia.

Naomba kujua: kutoka Monument hadi Havasupai Gardens maji yapo? Barafu juu ikoje wakati huo? Na gari niliache wapi, maana naingilia mlango mmoja na kutokea mwingine? Natanguliza shukrani.

babu_kigamboni

Dada, pole na misiba. Mimi korongo hilo nimeliona picha tu, siwezi kukufundisha njia. Ila usiondoke bila mtu mmoja mwenye karatasi yako: unalala wapi kila siku, saa ngapi unategemewa kutoka, na ukipitisha saa hiyo ampigie nani. Binti yangu alipotea msituni saa tisa nzima na hakuna aliyejua aliingilia upande upi. Sitaki mtu mwingine apitie usiku ule.

mgumu_mstaafu

Dada, nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka tisa, njia ya Machame. Sasa naishi Flagstaff na Tonto nimeipita mara nne, mbili peke yangu majira hayahaya. Ratiba yako naiona ina kosa moja kubwa, nalo ni siku ya tatu.

Kule kwetu mgeni akizidiwa tunamshusha. Ukimteremsha kidogo tu, pumzi inarudi, macho yanafunguka, anaomba chai. Hapo Monument ukizidiwa, kwenu ni juu. Wewe umejipangia kilomita 17 hivi za Tonto, njia inayoingia na kutoka kila kibonde, halafu ndipo uanze kupanda mita 930 kutoka Havasupai Gardens, kilomita 7 na ushee. Kupanda kunakukuta umeshachoka, jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na vipande vya juu ndivyo vyenye barafu. Rudi ofisi ya vibali uombe kuongezewa kulala mara moja Havasupai Gardens. Majira haya nafasi hupatikana kuliko Aprili. Wakikataa, bora ukate Monument uondoke Hermit kwa njia uliyoshukia. Nakuomba sana usiing'ang'anie siku ile.

Maji. Hermit na Monument vijito vinatiririka mwaka mzima. Baada ya Monument toka na lita 4 mgongoni, kilo nne ndiyo, usihesabu kijito chochote cha katikati. Karibu na mwisho utakikuta Horn Creek, na Februari huenda kina maji meupe ya kuvutia. Usiyaguse. Juu yake kuna mgodi wa zamani wa urani, Orphan, uliofungwa 1969, na maji yale yana mionzi. Kuchemsha hakuiondoi, kuchuja hakuiondoi. Havasupai Gardens kuna bomba, ila bomba lile hukatika, kwa hiyo beba chujio, kijito kipo. Ukipanda Bright Angel, vibanda viwili vya kupumzikia havina maji majira ya baridi.

Barafu: nunua vyuma vyenye meno vya kuvisha juu ya viatu. Bright Angel ya juu iko kivulini na miguu ya watu inaishindilia theluji mpaka inakuwa kioo. Juu ukingoni usiku hushuka hasi 7, chini mtoni ni kama 6, kwa hiyo nguo zako zifuate sehemu mbili hizo.

Gari acha kwenye kijiji cha watalii juu ukingoni, jirani na mwanzo wa Bright Angel, alfajiri chukua teksi hadi Hermits Rest. Mwezi huo basi la barabara ile halijaanza. Ukitoka umechoka, unakuta gari lako.

wa_kisauni

Dadangu, mgumu keshasema makubwa, naongeza dogo lililoniponza Utah Machi mbili zilizopita. Chujio langu lile la nyuzi nyembamba nililiacha nje ya hema, likaganda. Asubuhi likayeyuka, maji yakapita kama kawaida, nikanywa. Nyuzi zilikuwa zishapasuka ndani na kwa nje huoni kitu. Siku nne tumbo liliniumiza. Sasa nalitikisa maji yatoke, nalitia kwenye mfuko wa plastiki, nalala nalo kifuani ndani ya mfuko wa kulalia, kama mtoto. Simu na betri pia. Na kodi kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, huko chini simu haishiki kabisa.

mnyaturu_wa_phoenix

Wakuu, nimetoka salama jana, tarehe 27. Walinipa usiku wa ziada Havasupai Gardens.

Hermit mwanzoni nilivaa vyuma, halafu kwenye mawe makavu nikavivua. Barafu ilikuwa vipande vipande, kila kona ya kivuli. Jioni nilikaa kwenye misingi ya mawe ya kambi ya watalii iliyojengwa na kampuni ya reli ya Santa Fe miaka ya 1910. Nilikoroga uji wa ulezi, nikaunywa polepole, na sauti pekee ilikuwa kijito. Pale ndipo nilipolia, wa kwanza hadi wa tatu, kwa majina yao. Asubuhi kunguru alishafungua zipu ya mfuko wa pembeni wa begi langu na kuchukua karanga. Aliivuta zipu kwa mdomo, nimemuona.

Babu, dada yangu aliyeko Tucson alikuwa na karatasi, nikamtumia ujumbe kila jioni. Wa Kisauni, chujio nimelala nalo usiku zote tatu.

Mgumu, Horn Creek nilifika nimebakiwa na nusu lita. Maji yanapita juu ya jiwe jekundu, safi, unaona kila mchanga. Nilisimama hapo dakika kadhaa nimeshika chupa. Nisingekuwa nimesoma maneno yako ningechota, nasema kweli. Nilifika Havasupai Gardens saa kumi jioni miguu ikitetemeka, nikaangalia ukuta ule uliobaki, nikajua nisingeuweza siku ile. Kesho yake niliupanda kwa saa tano, vyuma miguuni kuanzia chini ya lile handaki la pili kutoka juu.

Narudi zamuni Jumatatu. Ukipita Phoenix, mgumu, chai ipo.