Ratiba ya siku ya mbio za saiklokrosi: nguvu zinaniishia kabla ya mzunguko wa tatu

Mwanagenzi wa Matope aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Huu ni msimu wangu wa kwanza wa saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli za mizunguko mifupi kwenye nyasi, matope na mchanga, ambamo mara nyingine hulazimu kushuka na kukimbia na baiskeli, na nimeshashiriki mbio tano za wanaridhaa, zote za dakika 40. Mazoezi ya wiki siyaruki, na humo naweza kushikilia mwendo mkali kwa muda mrefu kuliko huo, lakini siku ya mbio mambo hugeuka: ifikapo mzunguko wa tatu miguu imekuwa mizito kama magogo, na watu ninaowamudu mazoezini wananipita mmoja baada ya mwingine.

Jumapili iliyopita nilifika saa moja tu kabla ya kuanza. Foleni ya kuchukua namba ilikula dakika 20, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi hata nikashindwa kufunga pini, na nilipomaliza, njia ilikuwa imefungwa kwa sababu mbio za vijana zilikuwa zinaendelea. Nikaanza bila kuizunguka njia hata mara moja. Mara tu baada ya nyasi kulikuwa na kona yenye mchanga mzito ambayo wenzangu waliijua. Gurudumu la mbele likazama, nikaenda chini, na watu kumi wakapita nikiwa bado naunyoosha usukani.

Ninaomba mnieleze mnavyoipanga siku tangu mnapoamka hadi filimbi inapolia, na kati ya chakula, ukaguzi wa njia, tairi na kupasha mwili moto, ni kipi msichokubali kukipunguza hata muda ukibana.

Mzee wa Mizunguko alijibu:

Pole kwa kuanguka, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, kinachokuangusha ni muda, na dawa yake ni kuipanga siku kinyumenyume, ukianzia saa ya kuanza.

Tuseme mnaanza saa tano kamili asubuhi. Saa tano kasoro dakika kumi sharti uwe mahali pa kupangwa, kwa maana washindani huitwa safu kwa safu, na asiyekuwepo anapoitwa huishia nyuma. Kupasha mwili moto kutaanza saa nne na dakika 20. Kabla ya hapo ni ukaguzi, na hapa ndipo wageni wengi huponzwa: njia hufunguliwa katika vipindi vifupi kati ya mbio moja na nyingine, kwa hiyo usome ratiba ya waandaaji usiku uliotangulia na ujue kipindi chako ni kipi. Ikiwa ni saa tatu na nusu, basi saa tatu uwe umeshachukua namba na kuibana kwenye jezi, tena uibane jezi ikiwa imevutwa juu ya goti, ili ukiinama juu ya usukani karatasi isichanike.

Mlo mkuu mimi hula saa mbili, yaani saa tatu kabla ya kuanza: wanga wa kutosha, mafuta na nyuzinyuzi kidogo sana. Saiklokrosi huupeleka moyo karibu na kikomo chake tangu mwanzo hadi mwisho, na tumbo lenye chakula kizito halivumilii hilo. Chupa ya maji siibebi kwenye mbio za dakika 40, kwa sababu ikikaa kwenye fremu inakuwa kikwazo pale unapotakiwa kuitia baiskeli begani.

Tairi Laini alijibu:

Nakubaliana na Mzee wa Mizunguko, ila swali lako la mwisho sijaona likijibiwa waziwazi, nami nitalijibu: ukaguzi wa njia haupunguzwi kamwe. Ni afadhali nianze mwili ukiwa nusu baridi kuliko nianze bila kuijua njia.

Mzunguko wa kwanza wa ukaguzi mimi huuenda polepole kabisa, na pale ninapotilia shaka ninashuka na kutembea. Ninatazama mstari uliochimbwa na waliotangulia, mizizi iliyojificha chini ya nyasi, na mahali ambapo kukimbia na baiskeli kuna kasi kuliko kukanyaga. Mzunguko wa pili ninaenda kwa kasi ya mbio, lakini kwenye sehemu ngumu tu. Kona ikinishinda, ninarudi na kuirudia mara tatu au nne nikibadilisha mstari, nikiwa makini nisiwazuie wengine.

Ukaguzi huo ndio unaokuambia kiasi cha upepo wa tairi, na upepo ndio nusu ya saiklokrosi. Kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, zinaweka kikomo cha upana wa tairi kuwa milimita 33, ingawa waandaaji wengi wa mbio za ridhaa huruhusu pana zaidi. Tairi jembamba namna hiyo hushika matope pale tu linapokuwa laini kiasi cha kujibonyeza juu ya ardhi. Mimi nina kilo 70, na kwa tairi zisizo na tyubu huanza na upepo wa paundi 25 kwa inchi ya mraba (psi) nyuma na 23 mbele, kisha ninapunguza kidogo kidogo. Ukisikia ukingo wa rimu ukigonga mzizi mara moja kwa mzunguko, uko karibu na kiwango sahihi. Ukiusikia kila mahali, ongeza. Mwenye tyubu asishuke hivyo, kwa sababu tyubu ikibanwa kati ya rimu na jiwe hutoboka matundu mawili kwa mpigo, kwa hiyo abaki kwenye paundi 30 na zaidi. Nunua kipimo cha upepo, kwani kidole gumba hakiwezi kutofautisha paundi 23 na 28.

Pumzi Ndefu alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na Tairi Laini kuhusu mwili baridi. Mbio za barabarani huanza taratibu, hizi huanza kwa mkupuo, kwa sababu kila mtu anawania kona ya kwanza kabla njia haijawa nyembamba. Mapafu na moyo huchukua muda kufikia mahitaji ya misuli, na asiyejipasha moto hulipa pengo hilo kwa miguu inayowaka moto katika mzunguko wa kwanza, deni ambalo dakika 40 hazitoshi kulimaliza. Dakika 20 zinatosha: kumi za mwendo mwepesi, kisha mikupuo mitatu ya dakika moja moja, halafu utulie. Nguo za joto uzivue dakika chache tu kabla ya filimbi.

Pia, ukipangwa safu ya mwisho, usijimalize kwa kutaka kuwapita wote kwenye mita 200 za kwanza. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwanagenzi wa Matope aliandika tena:

Nawashukuru sana. Jana nilifuata ratiba ya kinyumenyume: nilikagua mizunguko miwili, nikashusha upepo kutoka paundi 35 hadi 31 kwa kuwa bado natumia tyubu, na nikamaliza mizunguko yote nikiwa na nguvu za kukimbizana hadi mstarini. Kilichobaki kinanisumbua ni mbao, vile vizuizi vinavyowekwa kukatiza njia ili tushuke na kuvivuka. Nikizifikia ninasimama kabisa ndipo nishuke.

Tairi Laini alijibu:

Hongera! Mbao hazizidi sentimita 40 kwa kimo, kwa hiyo hazihitaji nguvu, zinahitaji mpangilio. Ukiwa bado mita kumi, pitisha mguu wa kulia nyuma ya tandiko, ubaki umesimama kwa mguu wa kushoto juu ya pedali, huku mkono wa kulia ukishika bomba la juu la fremu. Kisha nasua kiatu cha kushoto na utue ukikimbia, ukiinyanyua baiskeli kwa mkono huohuo. Tunashukia kushoto kwa sababu mnyororo uko kulia, usije ukakugusa mguuni. Fanya mara 20 kwenye nyasi kwa mwendo wa kutembea kabla ya kuongeza kasi, na uweke mbao zako za mazoezi chini ya kimo hicho kwanza.