Haditeli au fulu kwa bajeti ileile: nichukue ipi ya njia za porini?

Kokoto84

Wakuu, salamu. Hadi sasa naendesha baiskeli isiyo na shokapu yoyote kwenye barabara za vumbi, na nataka kuhamia njia nyembamba za porini. Bajeti yangu haitapanda, kwa hiyo nimebaki na mbili mezani.

Ya kwanza ni haditeli, yaani shokapu ya mbele tu. Fremu ya alumini, foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu, ndiyo shokapu yenyewe) ya upepo yenye mbonyeo wa milimita 130, yaani umbali inaoweza kubonyea, breki za diski za mafuta, giya 12 nyuma na sahani moja mbele, magurudumu ya inchi 29. Ina kilo 13.5.

Ya pili ni fulu, shokapu mbele na nyuma. Mbonyeo wa milimita 120 kila upande, lakini foki ni ya springi, shokapu ya nyuma pia ni ya springi, na breki ni za diski zinazovutwa kwa waya. Ina kilo 16.

Njia zangu: kupanda kurefu kwa kokoto, halafu sehemu tambarare yenye mizizi mingi, kisha mteremko mfupi wenye mawe. Mwili wangu ni kilo 84. Matengenezo madogo nafanya mwenyewe. Naomba mnilinganishie kwa sababu, maana ushabiki nimeshausoma wa kutosha.

FundiSpoku

Ndugu Kokoto, kwa hizo mbili ulizotaja, chukua haditeli. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu jibu hili linahusu hizo mbili tu na si kila haditeli dhidi ya kila fulu.

Fulu ina vitu ambavyo haditeli haina kabisa: shokapu ya nyuma, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu na kuchezea kwenye ekseli zake, vipande vya kuunganisha, na beringi kadhaa za kubeba vyote hivyo. Vitu hivyo vinagharimu. Bei ya mwisho ikiwa sawa, mtengenezaji ametoa fedha hiyo mahali fulani, na kwenye orodha yako inaonekana wazi ametoa kwenye foki na breki. Hapo ndipo pasipofaa kupunguzwa. Breki ya waya kwenye mteremko wa mawe inakuchosha vidole kabla hujafika chini, na waya ukijaa matope inazidi kuwa nzito.

Kubwa zaidi ni hilo la springi. Kazi ya shokapu iko mara mbili. Springi, iwe ya chuma au ya upepo, inabeba uzito na kuhifadhi nguvu ya kishindo. Kisha lazima kuwe na mafuta yanayopita kwenye matundu madogo ili nguvu ile igeuke joto na isikurudie. Shokapu nyingi za daraja la chini zina springi tupu, hayo mafuta hayamo. Ukigonga jiwe inabonyea vizuri, halafu inakurusha. Ukikanyaga pedali kwa nguvu mlimani inapanda na kushuka pamoja na miguu yako.

Ukienda kuiona, bonyeza siti kwa uzito wote kisha achia ghafla. Ikirudi taratibu na kutulia mara moja, mafuta yanafanya kazi. Ikidunda zaidi ya mara moja, iache hapohapo. Fanya vivyo hivyo kwa mbele ukiwa umeshika breki ya mbele.

Tena foki ya upepo unaipima kwa uzito wako kwa pampu tu. Ya springi ya chuma ikiwa laini mno kwa kilo 84, inabidi ununue springi nyingine, na kwa foki nyingi za bei ya chini springi ya pili haipo sokoni.

Binti_Mteremko

Nakubaliana na fundi kuhusu hizo mbili. Ila nisingependa mtu asome uzi huu akaondoka akidhani fulu ni anasa ya mtu mvivu, maana kauli hiyo naisikia kila nikitaja baiskeli yangu.

Angalia hiyo sehemu ya mizizi aliyoitaja. Kwenye haditeli, gurudumu la nyuma likigonga mzizi linaruka, na kwa kitambo kidogo haligusi ardhi. Lisipogusa, hakuna mshiko, hakuna nguvu ya kwenda mbele wala breki. Inabidi usimame kwenye pedali na kuinama ili magoti na viwiko vifanye kazi ya shokapu. Kwenye fulu nzuri gurudumu linafuata umbo la ardhi, na unaweza kuendelea kukanyaga ukiwa umekaa. Kwa mlima wenye mizizi au mawe, fulu mara nyingi inapanda vizuri kuliko haditeli iliyo nyepesi. Wengi hawaamini hadi waijaribu.

Suala la uzito nalo linakuzwa. Kilo 84 na baiskeli ya 13.5 ni 97.5. Na ile ya 16 ni 100. Tofauti haifiki asilimia 3. Kwenye mlima wa saa nzima hiyo ni kama dakika moja na nusu kwa nguvu ileile. Kinachomchelewesha mtu mlimani ni shokapu inayochezacheza, kama fundi alivyosema, na hilo ni swali la ubora wa shokapu na mpangilio wa vile vipande vya nyuma.

Jambo jingine halitajwi mara nyingi. Haditeli inazama mbele tu. Foki ikibonyea, pembe yake inasimama zaidi, takriban digrii moja kwa kila milimita 20. Kwa hiyo mahali pabaya zaidi kwenye mteremko, foki ikiwa imezama sana na wewe umeshika breki, ndipo usukani unapokuwa mwepesi na unataka kukupeleka mbele. Fulu inazama pande zote mbili, umbo lake halibadiliki sana. Ndiyo maana kwa haditeli ya miteremko watengenezaji huilaza foki zaidi, digrii 64 au 65, ili hata ikizama ibaki salama.

Ushauri wangu ni kwamba ipo chaguo la tatu: fulu iliyotumika, ya daraja la kati, yenye umri wa miaka michache. Kwa fedha ileile unaweza kupata shokapu za upepo zenye mafuta pande zote mbili.

KasiNaPumzi

Kwa wanaosema mashindano ya nyika ni ya haditeli, tuangalie Olimpiki. Julien Absalon alishinda 2004 na 2008 kwa haditeli. London 2012, Jaroslav Kulhavý akiwa na fulu alimpita Nino Schurter aliyekuwa na haditeli kwenye mita za mwisho, tofauti ya sekunde moja. Rio 2016 Schurter mwenyewe alishinda dhahabu akiwa na fulu. Tom Pidcock alishinda Tokyo na Paris 2024, zote kwa fulu. Njia za mashindano zimezidi kuwa na mawe na miruko, na fulu zimezidi kuwa nyepesi.

FundiSpoku

Kasi, mifano ni sahihi, lakini hao wanaendesha fulu za kaboni na wana fundi anayezifungua baada ya kila mbio. Kokoto ataifungua mwenyewe nyumbani. Tuzungumze matengenezo, kwa sababu ndipo watu wanapoachana na fulu zao.

Foki, iwe ya haditeli au ya fulu, inahitaji mguu wa chini kufunguliwa, kusafishwa, kubadilishwa sili (mipira inayozuia vumbi lisiingie na mafuta yasivuje) na kutiwa mafuta mapya. Watengenezaji wengine wanasema kila saa 50 za kuendesha, wengine 125 au mara moja kwa mwaka. Shokapu ya nyuma ina ratiba yake ya namna hiyohiyo, na huduma yake ya ndani kabisa inahitaji zana za pekee, pengine na gesi ya naitrojeni. Hiyo hufanyi nyumbani. Ongeza beringi za mkono wa nyuma, ambazo ukiosha baiskeli kwa maji ya kasi zinaliwa na kutu mapema kuliko unavyodhani. Zikilegea unasikia mlio kila ukikanyaga, kisha matundu ya fremu yanaanza kupanuka. Hapo gharama si ya beringi tena.

Kwenye haditeli, ukimaliza foki umemaliza shokapu zote.

MzeePedali

Vijana, nawasoma. Niongeze la mwili.

Nimeendesha haditeli miaka mingi na bado naiheshimu. Inakulazimisha kutazama mbele, kuchagua mstari kabla hujafika kwenye jiwe, kuinua gurudumu la mbele na kupunguza uzito wa la nyuma kwa wakati. Anayejifunzia kwenye haditeli hayo yanamwingia bila kufundishwa, kwa sababu akikosea anahisi papo hapo.

Lakini kiuno kina hesabu yake. Siku hizi nikiendesha zaidi ya saa mbili kwenye mawe, fulu inanirudisha nyumbani nikiwa na mgongo mzima, na mwishoni bado nina akili ya kufanya maamuzi mazuri. Uchovu unaangusha watu. Mwenye tatizo la mgongo asibishane na mtu yeyote kuhusu hili, achukue fulu na apunguze mahali pengine.

Kokoto84

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Mgongo bado hauna shida. Safari zangu ni za saa mbili hivi, na sehemu kubwa ni ile kokoto.

Dada Binti, hilo la fulu iliyotumika limenivuta. Nikienda kuikagua, nitazame nini hasa? Na fundi, kwenye haditeli ni kitu gani kisichobadilika baadaye, nisije nikafungwa?

Binti_Mteremko

Anza na nguzo za shokapu, zile zinazong'aa, za mbele na ya nyuma. Pitisha ukucha kuzunguka nguzo yote. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha utakula sili na mafuta yatavuja, na mara nyingi nguzo yenyewe ndiyo ya kubadilisha. Kisha shika siti na uinue baiskeli taratibu, gurudumu la nyuma likikaribia kutoka ardhini. Ukisikia kugonga kidogo kabla halijanyanyuka, kuna beringi au bushi iliyolegea. Shika gurudumu la nyuma na ulisukume kushoto na kulia huku mkono mwingine uko kwenye fremu: mchezo ukiwa kwenye ekseli za mkono wa nyuma, uliza bei ya seti ya beringi kabla hujataja bei ya baiskeli.

Angalia nyufa kwenye maungio, hasa chini ya bomba la chini na pale shokapu inaposhikwa. Pima pia urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu, kisha uulize kama kipimo hicho bado kinauzwa. Baadhi ya fremu za zamani zina vipimo ambavyo kupata shokapu mpya ni kazi.

Na mwulize muuzaji lini mara ya mwisho foki na shokapu zilifunguliwa. Asipojua, hesabu kwamba hazijawahi kufunguliwa, na toa gharama hiyo kwenye bei.

FundiSpoku

Maswali ya dada ndiyo hasa. Kwa njia ulizoeleza, kokoto nyingi na mizizi kiasi, bado ninabaki kwenye haditeli. Zingekuwa mawe na mizizi toka juu hadi chini, ningeungana naye.

Kwenye haditeli, vitu vya kuangalia ni vya fremu, maana vingine vyote vinabadilika. Bomba la kichwa liwe pana chini kuliko juu, ili siku moja uweze kufunga foki bora. Magurudumu yawe na ekseli ya kupenya, ile nene inayopita katikati ya gurudumu na kufungwa kwenye fremu au foki, milimita 15 mbele na 12 nyuma. Nyuma kuwe na nafasi ya tairi la inchi 2.4 angalau, na matope yapite pembeni. Fremu iwe na njia ya kupitishia waya wa nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe, kwa sababu hiyo ndiyo ningenunua kwanza: siti ikishuka, magoti yanapata nafasi, na hapo ndipo shokapu ya nyuma ya haditeli ilipo. Urefu wa foki usiuongeze kupita kikomo cha fremu.

KasiNaPumzi

Na matairi. Pana, bila tyubu, yenye maji ya kuziba pancha. Yanapunguza mtikisiko wa nyuma kuliko siti yoyote laini.

Kokoto84

Nimeamua haditeli. Nimekagua picha za fremu: bomba la kichwa ni pana chini, ekseli ni za kupenya zote mbili, tairi linaingia hadi 2.4. Nitaipima kwa kukaa juu yake kabla ya kulipa. La mwisho: kwa kilo 84, upepo nianze na kiasi gani, kwenye matairi na kwenye foki?

FundiSpoku

Matairi ya 2.4 bila tyubu, anza na upepo wa paundi 22 (psi kwenye pampu) mbele na 26 nyuma. Nyuma liwe gumu zaidi kwa sababu kwenye haditeli ndilo linalopigwa bila msaada. Ukisikia rimu ikigonga jiwe ongeza paundi mbili. Ukiendelea na tyubu, panda hadi 26 na 30, la sivyo zitabanwa na kutoboka.

Kwenye foki, anza na upepo ulioandikwa kwenye mguu wake kwa uzito wako. Vaa mavazi yote ya safari pamoja na begi la maji, simama kwenye pedali ukiwa umeegemea ukuta, kisha sukuma ile pete ndogo ya mpira iliyo kwenye nguzo ya foki hadi kwenye sili. Shuka polepole. Pete iwe imesogea kama milimita 26, yaani asilimia 20 ya mbonyeo wa 130. Ikizidi, ongeza upepo kwa pampu ya shokapu, si ile ya matairi. Kasi ya foki kurudi baada ya kubonyea, inayorekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha, weka katikati ya mibofyo yake yote, na katika safari ya kwanza badilisha mbofyo mmoja tu kwa wakati.