Aptama zina sifa zote hizo, mbona dawa zenyewe ni mbili tu?

mdadisi_88
Wakuu habari zenu. Nimepewa kazi ya kusoma kuhusu aptama, nikaambiwa ni kama kingamwili za kutengenezwa, yaani vipande vifupi vya DNA au RNA vinavyoshika protini fulani na kuziacha nyingine. Hapo tu nimekwama, mi najua DNA kazi yake kutunza maelekezo ya mwili, sasa kushika vitu imeanza lini? Alafu kama kweli zinatengenezwa na mashine bila kumchoma mnyama sindano kama inavyofanywa kupata kingamwili, na joto haziogopi sana, mbona kingamwili ndo zimejaa kwenye dawa na aptama nasikia ziko mbili tu, tena zote za macho? Au mi ndo sijaelewa?

uzi_mmoja
Mkuu DNA unayoijua wewe ni ya nyuzi mbili zilizosokotana, kila herufi (zile A, T, G na C) imeshikana na mwenzake, haina nafasi ya kufanya kingine. Ukichukua uzi mmoja peke yake herufi zinakosa wenza, basi zinatafutana zenyewe kwa zenyewe, uzi unajikunja, unatoa vifundo na vishimo, na hilo umbo ndo linaloshika. Jina limetoka kwenye Kilatini, aptus, yaani kitu kilichoenea mahali pake kama nguo inavyomuenea mtu.

Sasa uzi gani utajikunja inavyotakiwa? Kukaa chini na kuubuni ni kazi ngumu mno, ndo mana wanavua. Mwaka 1990 timu mbili kila moja kivyake zilitoa njia hii, Craig Tuerk na Larry Gold kule Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston. Unatengeneza supu ya nyuzi zenye herufi zilizopangwa ovyo ovyo, zinaweza kufika 10 kwa kipeo cha 15, unaimwagia protini yako, zisizoshika unaziosha, zilizoshika unazizidisha kwa PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi, unarudia tena na tena, mara nyingi raundi 8 mpaka 15, kila raundi unakaza masharti. Ndo inaitwa SELEX.

Kitu watu wanachosahau ni kwamba unaweza pia kuchuja kwa kile USICHOKITAKA. Mwaka 1994 ilitoka aptama ya RNA inayoshika teofilini, ile dawa ya pumu. Teofilini na kafeini tofauti yao ni kikundi kimoja tu cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, ila wao walizitupa nyuzi zote zilizokubali kuachia teofilini zikiletewa kafeini, wakabaki na aptama inayoshika teofilini kwa nguvu mara zaidi ya 10,000 kuliko kafeini. Mi hiyo bado inanishangaza.

mzee_wa_benchi
Msimjaze kijana sifa tupu, mi aptama zimenitesa. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na ile ya trombini, protini ya kugandisha damu, ile fupi ya herufi 15, haishiki kabisa, nikamlaumu aliyeniuzia mpaka basi, kumbe bafa yangu, yaani maji ya chumvi ninayoyeyushia, haikuwa na potasiamu. Hiyo aptama inajikunja kwa kupanga herufi za G nne nne kama ghorofa na potasiamu ndo inakaa katikati kushikilia, ukiitoa nyumba inalegea. Kingamwili hainisumbui hivyo.

daktari_usiku
Nijibu la dawa. RNA ya kawaida ukiiingiza kwenye damu vimeng'enya vinaitafuna ndani ya dakika chache, kwahiyo lazima ubadili kemia yake, mfano kuweka florini kwenye sukari iliyo ndani ya uzi wenyewe. Ukishinda hapo unakutana na figo, maana aptama ni ndogo mno, uzito wake mara nyingi ni kama sehemu ya kumi ya kingamwili, inachujwa inaishia kwenye mkojo. Ndo mana wanaifunga na mkia mzito wa PEG, aina ya polima.

Sasa fikiria jicho. Unachoma kiasi kidogo ndani kwa ndani, dawa inakaa pale pale ilipo kazi, haiishii kuzunguka mwili mzima. Ndo mana zote mbili ziko huko. Macugen ilipitishwa Marekani Desemba 2004 kwa uharibifu wa retina wa uzeeni wenye mishipa inayovuja, inashika VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota, tena ya aina moja tu, ile ya 165. Mwaka 2006 ikaja Lucentis ambayo ni kipande cha kingamwili, inashika aina zote za VEGF-A, na wakati Macugen ilikuwa inapunguza kasi ya kupoteza uono, hii wagonjwa wengi walianza kuona vizuri zaidi. Biashara ikaishia hapo. Ya pili, Izervay, ni ya 2023, yenyewe inazuia C5, protini ya mfumo wa kinga, kwa wale ambao retina inakufa taratibu.

mdadisi_88
Daah sasa nimeelewa. Kwahiyo kwenye damu hawajawahi kujaribu?

daktari_usiku
Wamejaribu sana. Kulikuwa na moja ya kuzuia damu kuganda, pegnivacogin, uzuri wake ukitaka kuizima unachoma uzi wa pili wenye herufi za kujibizana nayo, zinashikana, umbo linakufa, damu inarudi kuganda. Wazo tamu kabisa. Ila jaribio kubwa lilisimamishwa 2014 maana baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali, na kidole kikanyooshewa ule mkia wa PEG, sio aptama yenyewe.

uzi_mmoja
Na tusipime kila kitu kwa dawa jamani. Kwenye vipimo ziko mbali, kuna mfumo wa SomaScan unapima maelfu ya protini kwa tone dogo la damu, na unatumia aptama zilizoongezewa vikundi vya kemikali ili zishike vizuri zaidi.

mzee_wa_benchi
Hapo sibishi. Kijana ukifika benchi, kabla hujaitumia ipashe moto mpaka nyuzijoto 95 za Selsiasi dakika chache kisha iache ipoe ndani ya bafa yake ijikunje upya. Na potasiamu usisahau.