Savannah, Georgia kwa miguu bila mwongozaji: tuanzie wapi, tumalizie wapi?

mpitanjia

Wakuu, habari zenu. Tuna siku moja tu Savannah, kuanzia saa mbili asubuhi hadi kama saa kumi jioni. Hatutaki ziara ya basi wala ya gari la farasi, tunataka kutembea wenyewe na ramani ya simu. Ukiutazama mji kwenye ramani ni kama ubao wa drafti: kila baada ya hatua chache kuna bustani ya mraba, na zote zinafanana.

Naomba msaada kwa mambo haya. Njia ipi haitatulazimisha kurudia tulikopita? Historia ya watu weusi iko wapi hasa, maana vipeperushi vimejaa majumba na majenerali? Na mmoja wetu goti linamsumbua, tunasikia ngazi za kushukia mtoni si za mchezo. Gari je, tuliache wapi?

ramani_mkononi

Karibu mkuu. Anza kwa kuelewa mji ulivyopimwa, simu utaitoa mfukoni mara chache sana. James Oglethorpe, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Georgia, alipofika mwaka 1733 aliugawa mji kwa vitongoji vinavyojirudia. Kila kitongoji kina bustani katikati. Kaskazini na kusini mwa bustani ni viwanja 40 vya nyumba za watu. Mashariki na magharibi ni viwanja vinne vikubwa vilivyotengwa kwa makanisa na majengo ya umma. Kwa hiyo ukiingia bustani yoyote na hujui uangalie wapi, tazama mashariki na magharibi kwanza. Bustani zilikuwa 24, leo zipo 22.

Bull Street ndiyo uti wa mgongo, inatoka City Hall hadi Forsyth Park, kama kilomita moja na nusu. Barabara zinazokatiza zinahesabiwa kutoka hapo: upande mmoja East, upande wa pili West. Ukiandika anwani kwenye simu ukasahau hiyo E au W, utapelekwa upande usio wako, na namba ya nyumba utaikuta ipo vilevile.

Wageni wengi hunyoosha Bull Street tu kisha wanasema wameuona mji. Usifanye hivyo. Anzia kusini upande kaskazini kwa mwendo wa nyoka:

Chemchemi ya Forsyth Park (ya chuma, iliwekwa 1858), kisha Monterey Square. Geuka mashariki hadi Taylor Square iliyoko Abercorn Street. Panda Abercorn kaskazini hadi Lafayette Square penye kanisa kuu la Wakatoliki. Rudi magharibi hadi Madison Square, uko tena Bull. Kaskazini Chippewa, kisha Wright. Mashariki hadi Oglethorpe Square, kaskazini hadi Reynolds, halafu magharibi moja kwa moja: Johnson, Ellis, Franklin. Kutoka Franklin mto uko karibu kabisa.

Jumla ni kati ya kilomita 3 na 4, na kutoka bustani moja hadi nyingine ni dakika tatu au nne. Kinachokula muda ni kuingia ndani ya majengo. Majengo mawili yanatosha kwa siku, ukiongeza la tatu utaanza kukimbizana na saa.

Gari liache kwenye gereji ya Whitaker Street, iko chini ya Ellis Square. Hapo mwaka 1954 bustani ilivunjwa ikajengwa gereji ya ghorofa. Wakaja kuibomoa, magari yakashushwa ardhini na bustani ikarudi juu, ikafunguliwa 2010. Ukishaegesha, panda basi la bure linaloitwa dot hadi Forsyth, kisha urudi kwa miguu. Utamalizia karibu na gari lako. Vyoo vya umma vipo Forsyth na Ellis, yaani mwanzo na mwisho. Katikati hesabu vya makumbusho.

Jambo moja linalowachanganya watu wengi: majina ya bustani hayalingani na sanamu. Sanamu ya Oglethorpe haiko Oglethorpe Square, iko Chippewa. Mnara wa Pulaski hauko Pulaski Square, uko Monterey. Jenerali Nathanael Greene amezikwa Johnson Square, wala si Greene Square. Tafuta kwa jina la bustani, usitafute kwa jina la mtu.

binti_bandari

Njia ya ramani_mkononi ni nzuri, ila nasahihisha mpangilio wa saa. Ziara ya kuingia First African Baptist Church pale Franklin Square hufanyika kwa saa maalumu na si kila siku. Weka nafasi kwanza, saa hiyo ndiyo ipange siku nzima. Ikiwa ni asubuhi, igeuzeni njia yote: anzeni Franklin mmalizie Forsyth, kisha dot iwarudishe kwenye gari. Kosa la kawaida ni kufika pale saa tisa alasiri ukiwa umechoka na kukuta mlango umefungwa. Msiifanye pia ziara ya Jumapili wakati wa ibada, maana lile ni kanisa lenye waumini wake.

Sasa swali lako la pili, mpitanjia. Historia ya watu weusi imo ndani ya njia hiyohiyo, ila mabango makubwa hayaitangazi. Nakutajia kwa mfuatano wa kutoka kusini.

Taylor Square. Hadi Novemba 2022 iliitwa kwa jina la John C. Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa. Jiji likaliondoa jina hilo, na Agosti 2023 likaipa jina la Susie King Taylor, mwanamke aliyezaliwa utumwani mwaka 1848, akajifunza kusoma kwa siri hapahapa Savannah, kisha akawa mwalimu na muuguzi wa askari weusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ni bustani ya kwanza mjini kupewa jina la mwanamke na la mtu mweusi. Angalizo: ramani za zamani bado zinaandika Calhoun, na Taylor Street iliyo jirani ina jina la Taylor mwingine kabisa, Rais Zachary Taylor.

Madison Square, upande wa magharibi, kuna Green-Meldrim House. Vipeperushi vitakwambia Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alikaa humo na kutoka Savannah akampelekea Rais Lincoln telegramu ya Desemba 22, 1864 ya kumzawadia mji kwa Krismasi. Lakini kikubwa zaidi kilitokea humo Januari 12, 1865. Wachungaji na viongozi 20 weusi waliitwa waeleze watu walioachwa huru wanataka nini. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67 aliyekuwa amejinunua yeye na mkewe mwaka 1857 kwa dola 1,000. Jibu lake lilikuwa ardhi, wailime kwa jasho lao wenyewe. Siku nne baadaye ikatoka Amri Maalumu namba 15, kila familia ipate hadi ekari 40 za ardhi ya pwani. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikuwa ameitengua amri hiyo na ardhi ikaanza kurudishwa kwa mabwana wa zamani. Simama pale mbele ya ule uzio wa chuma ukilijua hilo, nyumba utaiona kwa jicho lingine.

Wright Square: tafuta jiwe kubwa la graniti pembeni. Ni kumbukumbu ya Tomochichi, kiongozi wa Wayamacraw, wenyeji wa asili wa hapa, aliyempokea Oglethorpe. Alizikwa katikati ya bustani hii mwaka 1739. Mnara mrefu uliopo katikati leo ni wa mwenye reli, William Washington Gordon, na uliwekwa mwaka 1883. Wageni wengi huupiga picha huo, lile jiwe wakalipita.

Oglethorpe Square: Owens-Thomas House. Kama mtaingia jengo moja tu lenye tiketi, liwe hili. Ziara huanzia nyuma, kwenye makazi ya watumwa, kabla ya kuingia jumba la tajiri. Mkiwa makazini inueni macho. Juu kuna rangi ya buluu iliyofifia, imechanganywa kwa nili, chokaa na maziwa, na waliokaa humo waliamini inazuia mizimu isiingie. Imebaki mbao kwa mbao, na mahali pengine utaona mkwaruzo wa brashi. Tiketi hiyohiyo inakuruhusu kuingia makumbusho ya Telfair Academy na Jepson Center, zote ziko Telfair Square.

Franklin Square: kanisa lenyewe lilikamilika 1859, likajengwa na waumini ambao wengi wao walikuwa watumwa. Ukumbi wa chini una matundu sakafuni, madogo, yametobolewa kwa umbo la almasi lenye msalaba ndani. Kanisa linasimulia kwamba yalikuwa ya kuingizia hewa kwa watumwa watoro waliofichwa chini ya mbao hizo, na umbo lenyewe ni alama ya Wakongo. Juu roshani kuna mabenchi ya awali yenye michoro iliyochongwa ubavuni. Nje, katikati ya bustani, kuna mnara wa askari wa Haiti, zaidi ya 500, waliokuja na Wafaransa kupigana na Waingereza kwenye mzingiro wa Savannah mwaka 1779.

Na mtoni, kwenye uwazi wa River Street, kuna sanamu ya shaba ya mwaka 2002: familia ya watu wanne, wamekumbatiana, minyororo iliyokatika iko miguuni. Maneno ya chini ni ya Maya Angelou, yanaeleza hali ya ndani ya meli za watumwa. Yasome hadi mwisho.

Kitu kimoja hakifikiki kwa miguu: mahali palipofanyika mnada wa Machi 2 na 3, 1859, walipouzwa watu 436 kwa siku mbili za mvua. Wenyewe waliziita siku za kulia. Alama iko kwenye bustani ndogo magharibi mwa mji, Augusta Avenue na Dunn Street. Nendeni na gari wakati wa kuondoka.

mpitanjia

Nashukuru sana dada, nimeyanakili yote. Imebaki habari ya goti na ngazi. Na je, viatu gani?

kokoto

Mkuu, hapo kwenye goti msifanye mzaha. Mji uko juu ya mwinuko mkali na mto uko chini. Majengo ya wafanyabiashara wa pamba yamesimama kwenye ukingo: ghorofa za juu zinafunguka upande wa Bay Street kupitia madaraja ya chuma, na za chini, zilizokuwa maghala, zinafunguka River Street. Katikati ndiyo njia iitwayo Factors Walk.

Kushuka kuna njia tatu. Ngazi za mawe ni za zamani, nyembamba na kila kidato kina kimo chake. Mguu unatarajia kidato sawa na kilichopita, haukikuti, hapo ndipo watu huanguka. Jiji lenyewe limeweka mabango ya tahadhari. Mwenye goti asizitumie kabisa, hasa kushuka. Njia ya pili ni miteremko ya mawe: hayo ni mawe ya uzito, meli ziliyabeba tumboni zikija tupu kuchukua pamba, zikayamwaga hapa. Ni ya duara, yana ukubwa tofauti, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto hakipiti. Njia ya tatu ndiyo yenu: lifti ya umma iliyo karibu na City Hall. Ikiwa haifanyi kazi, zungukeni hadi Martin Luther King Jr. Boulevard, huko barabara inateremka polepole.

Mkiwa chini, bado River Street ina mawe na reli za zamani barabarani. Shikeni njia ya watembea kwa miguu iliyo ukingoni mwa maji. Kuna kivuko cha bure, Savannah Belles, kinavuka hadi Hutchinson Island na kurudi. Mwenye goti atapumzika ameketi na atauona mji wote kwa mbele. Mojawapo ya vyombo hivyo ina jina la huyohuyo Susie King Taylor. Mkibahatika, meli ya makontena itapita ikipanda mto kuelekea bandarini, karibu kiasi kwamba inafunika anga.

Viatu: soli bapa, ngumu, inayofunga kisigino. Njia za matofali huku juu zimeinuliwa na mizizi ya mialoni, na kivuli kinaficha matuta. Kandambili hapana.

Kuvuka barabara: magari huzunguka bustani kinyume cha saa, na Marekani wanaendesha upande wa kulia. Aliyezoea barabara za Kenya au Tanzania kichwa chake kitageuka kulia kwanza, wakati gari linatoka kushoto. Bay Street ina malori mazito, vukeni penye taa tu.

Hali ya hewa: Juni hadi Agosti joto hufika nyuzi 33 na unyevu mwingi, na ngurumo hupenda kuja alasiri, kwa hiyo tembeeni asubuhi na majengo muyaweke mchana. Masika na vuli ni pazuri ila kuna usubi, wanasumbua zaidi upepo ukitulia. Epukeni siku za kuzunguka Machi 17, gwaride la Mtakatifu Patrick linafunga barabara na vyumba vinapanda bei.

Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia mitini ni jamaa ya nanasi, hazinyonyi mti. Zitazameni tu. Zilizoanguka chini huwa na utitiri, msizifanye mto wa kuegemea.

ramani_mkononi

Nakubaliana na binti_bandari kuhusu saa ya kanisa, lipangwe kwanza. Mkigeuza njia, lifti na mto vifanyeni asubuhi kabla ya kanisa, msivirudie jioni. Na mkipata nusu saa ya ziada, itumieni Colonial Park Cemetery, kona ya Abercorn na Oglethorpe Avenue, kusini kidogo ya Oglethorpe Square. Walizikwa humo kuanzia 1750 hadi 1853, wakiwemo karibu watu 700 wa homa ya manjano ya mwaka 1820. Kiingilio hakuna. Geti hufungwa jioni, kwa hiyo someni saa zilizoandikwa langoni kabla ya kuingia.