Vyoo vya Mukuru vipangwe kwa dodoso au kwa mahojiano?

Mpangamiji: Tuseme kaunti ina pesa za utafiti mmoja tu kabla ya kujenga vyoo vya umma Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi. Tuhesabu au tusikilize?

Mtakwimu: Tuhesabu. Kibera, mtaa mwingine wa mabanda hapo Nairobi, ilisemwa miaka mingi kuwa na watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikapata 170,070. Panga vyoo kwa ile milioni uone. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa kosa wa asilimia 5, yaani jibu lisipotoke zaidi ya pointi 5 juu au chini, unahitaji kaya 384. Ila majirani hufanana, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 upate 576, kisha fidia watakaokosekana au kukataa, tuseme mmoja kati ya kumi: 640. Hivyo ni vishada 32, yaani makundi ya kaya jirani, vya kaya 20 kila kimoja.

Mhojaji: Ndugu yangu, ile milioni nayo ni tarakimu. Haikuletwa na mahojiano. Sasa dodoso lako litauliza, "Mna choo?" Mama atajibu ndiyo, na amesema kweli. Hutajua kufuli ni ya nani, kinafungwa saa ngapi, wala kwamba giza likiingia anatumia ndoo kwa kuogopa kichochoro.

Mtakwimu: Kosa hapo ni la swali. Uliza, "Jana usiku mlijisaidia wapi?" nami nitakupa asilimia. Kikundi chako cha mahojiano cha watu wanane kitaniambia ni kaya ngapi?

Mhojaji: Hakitakwambia, wala sidai hivyo. Lakini hilo swali la usiku umelitunga baada ya kusikia habari ya ndoo. Dakika mbili zilizopita halikuwapo.

Msimamizi wa data: Nyote mnabishana kana kwamba kazi ya nyanjani hufanyika kama ilivyoandikwa. Wadadisi hufika saa nne asubuhi, vibarua wa viwanda vya Industrial Area wametoka alfajiri. Mlango umefungwa, mdadisi anaingia kwa jirani, na sampuli inageuka kuwa ya wanaoshinda nyumbani. Warudi jioni, hadi mara tatu, ndipo waandike "hakupatikana". Upande wa pili, mzee wa kijiji akiachiwa kuchagua washiriki, analeta walewale wa kila mradi. Mpangaji naye hawezi kulalamikia choo huku mwenye ploti ameketi mbele yake, watenganisheni. Tena saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunakili. Hapo ndipo bajeti huisha na watu huanza kuandika ripoti kwa kukumbuka.

Mpangamiji: Na dodoso likisema watu wameridhika, mahojiano yakisema sivyo?

Mtakwimu: Chukua kaya 30 kati ya zile 640, uzirudie jioni kwa mdadisi mwingine. Majibu yakibadilika, asilimia ya kwanza isiingie kwenye ripoti.

Mhojaji: Hapo tunaelewana. Ila walipie mwenyeji wa kuwasindikiza, la sivyo fomu zote 30 zitajaziwa hotelini kwa chai na mandazi.